Tangi Lililopimwa kwa Inchi Sita

Mwishoni mwa Desemba 1915, kando ya bandari ya Boston huko Marekani, mafundi walimaliza kugonga ribiti za mwisho kwenye tangi la chuma ambalo mtaa ule haukuwahi kuona mfano wake. Kimo chake kilikuwa futi 50, yaani mita 15 na ushei, sawa na nyumba ya ghorofa tano. Kutoka ukuta hadi ukuta lilikuwa na futi 90, mita 27 na kitu. Likijaa lingebeba lita milioni 8.7. Meli yenye shehena ya kwanza ilikuwa inasubiriwa, na tangi lilikuwa bado halijajaribiwa. Arthur Jell, mweka hazina wa kampuni ya Purity Distilling, ndiye aliyekabidhiwa kusimamia ujenzi. Hakuwa mhandisi, wala michoro ya kihandisi hakujua kuisoma. Kulijaza dude lote lile maji aliliona jambo la gharama na la kupoteza siku. Akaagiza yaingizwe maji ya inchi sita. Hayakuvuja. Tangi likapokelewa.

Inchi sita ni sentimita 15. Mtu angeweza kuvua viatu, akakunja suruali, akalizunguka tangi zima kwa ndani bila kulowesha goti.

Kilichokusudiwa kuwekwa humo hakikuwa maji bali molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa kwenye juisi ya miwa. Wakazi wa jirani na viwanda vya Kilombero au Mumias wanaujua vizuri: ng'ombe hulishwa, na wako wanaoupikia vinywaji ambavyo polisi huvitafuta usiku. Molasi ya Boston ilikuja kwa meli kutoka Karibi, ikahifadhiwa bandarini, kisha ikapelekwa kiwandani Cambridge, ng'ambo ya mto, kugeuzwa spiriti. Ulaya ilikuwa vitani. Spiriti ya viwandani ilihitajika kwa wingi kutengenezea baruti, na kampuni mama, United States Industrial Alcohol, ilikuwa ikiuza kila kilichotoka mtamboni. Katika biashara ya namna hiyo, wiki moja ya kujaza maji na kuyamwaga ni wiki moja ya hasara.

Tangi lilisimama kwenye barabara ya Commercial, mtaa wa North End, ambako familia za wahamiaji wa Kiitaliano ziliishi zimebanana. Hakuna aliyewauliza. Na tangu molasi ya kwanza ilipoingia, tangi lilivuja. Michirizi ya kahawia ilishuka kwenye viungo vya mabamba, na watoto wa mtaani wakawa wanakuja na makopo kukinga. Waliokuwa wakifanya kazi jirani walisikia chuma kikilalama kila shehena mpya ilipopakuliwa. Mfanyakazi mmoja wa kampuni alipeleka malalamiko kwa wakubwa zaidi ya mara moja. Waswahili tunayo methali yetu kuhusu ufa na ukuta, lakini kampuni hii haikuziba ufa wala haikujenga ukuta: ililipaka tangi rangi ya kahawia, michirizi isionekane.

Ili kuelewa kilichokuwa kikiendelea nyuma ya rangi hiyo, inabidi kurudi nyuma kwa zaidi ya karne tatu. Mwaka 1586 Simon Stevin, mhandisi mzaliwa wa Bruges, alichapisha kitabu kuhusu uzito wa maji na humo akaonesha jambo ambalo hadi leo huwashangaza wanafunzi: nguvu ya maji kwenye sakafu ya chombo haitegemei umbo la chombo wala wingi wa maji yaliyomo. Inategemea kina, na ukubwa wa sakafu yenyewe. Bomba jembamba lililosimama wima likijazwa maji hadi mita 15 hubana sehemu yake ya chini sawasawa na ziwa lenye kina cha mita 15. Tena kimiminika hakisukumi chini peke yake. Hapo kilipo husukuma pande zote, na ukuta hupokea msukumo uleule ambao sakafu iliyo kando yake inaupokea.

Molasi ni nzito kuliko maji, karibu mara moja na nusu. Tangi la Boston lilipojaa, kila mita ya mraba ya ukuta karibu na sakafu ilisukumwa kwenda nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 21. Yale maji ya inchi sita yalikuwa yamelisukuma kwa kilo 150. Kwa maneno mengine, jaribio lililipa tangi sehemu moja kati ya 140 ya kazi ambayo lingekuja kufanya.

Sasa, ukuta wa mviringo huzuiaje msukumo kama huo bila nguzo wala mhimili? Jibu liko kwenye pipa la mbao. Mbao za pipa hazikushikamana kwa gundi, zimeshikwa na pete za chuma zinazozibana kiunoni. Kilichomo kinasukuma mbao nje, mbao zinasukuma pete, na pete inakazika pande zote kama mkanda kwenye tumbo la mtu aliyeshiba. Tangi la chuma ni pete hizohizo zilizopangwa moja juu ya nyingine hadi kimo kinachotakiwa. Mkazo katika kila pete hupatikana kwa kuzidisha msukumo kwa nusu ya kipenyo, basi. Kwa Boston hesabu hiyo inatoa karibu tani 285 za mvuto katika kila mita moja ya kimo cha ukuta wa chini. Ndiyo maana matangi yote ya aina hii hujengwa kwa mabamba manene chini na membamba juu, na ndiyo maana kuongeza upana wa tangi ni jambo zito kuliko linavyoonekana: kipenyo kikiongezeka maradufu, mkazo nao unaongezeka maradufu, hata kama kina hakikubadilika.

Bamba la chini la tangi la Boston lilikuwa na unene wa milimita 17. La juu kabisa lilikuwa na milimita 8.

Mchana wa Jumatano, tarehe 15 Januari 1919, hali ya hewa ilikuwa ya neema. Siku chache kabla baridi ilikuwa imeshuka hadi nyuzi 17 chini ya sifuri, na sasa kipimajoto kilikuwa kimepanda hadi nyuzi 4 hivi juu yake. Watu walitoka nje kula chakula cha mchana juani. Vita vilikuwa vimekwisha Novemba, na siku iliyofuata, kwa mzaha wa kalenda, jimbo la Nebraska lingepiga kura iliyokamilisha marekebisho ya katiba ya kupiga marufuku pombe Marekani nzima. Meli iitwayo Miliero ilikuwa imepakua shehena yake siku mbili kabla, na tangi lilikuwa limejaa hadi karibu na ukingo: tani 12,000 za molasi.

Karibu saa saba kasorobo mchana lilipasuka.

Walionusurika walisimulia mngurumo, wengine mfululizo wa milio kama ya bunduki, ambayo yaelekea ilikuwa ribiti zikifyatuka. Wimbi la kahawia lenye kimo cha futi 25 lilitoka kwa kasi iliyokadiriwa kuwa kilomita 56 kwa saa. Hakuna mtu anayeikimbia kasi hiyo. Vipande vya ukuta wa tangi vilitupwa huku na huku; kimoja kiligonga nguzo za reli ya juu iliyopita mtaani na kuzikunja. Kituo cha zimamoto kiling'olewa kwenye msingi wake, ghorofa ya juu ikawalalia waliokuwa chini. Nyumba za mbao zilisombwa. Farasi walinasa kama nzi kwenye asali, wakapigwa risasi pale walipokuwa kwa sababu hakukuwa na njia ya kuwanasua.

Waliofika kwanza kuokoa walikuwa vijana zaidi ya 100 wa chuo cha ubaharia kutoka meli ya mafunzo ya Nantucket iliyokuwa imefunga gati jirani. Waliingia kwenye molasi iliyofika kiunoni. Jioni ilipoingia na baridi ikarudi, uji ukazidi kuganda, na kila aliyekuwa bado amenasa akawa anashikwa zaidi. Watu 21 walikufa, wawili kati yao watoto wa miaka 10. Wengine 150 walijeruhiwa. Maiti ya mwisho ilipatikana majini karibu miezi minne baadaye. Maji baridi yalishindwa kuusafisha mtaa. Ikabidi boti za zimamoto zivute maji ya chumvi kutoka bandarini, na bandari yenyewe ikabaki na rangi ya kahawia hadi majira ya joto.

Kampuni ilikuwa na maelezo tayari: bomu. Wafuasi wa siasa za kuvunja serikali walikuwa wakirusha mabomu Marekani miaka hiyo, na mtaa wa Waitaliano ulitajwa sana katika habari hizo. Kwa kampuni, maelezo hayo yalikuwa na faida kubwa, maana aliyetegewa bomu hadaiwi. Kesi 119 ziliunganishwa na kukabidhiwa kwa mwanasheria Hugh Ogden, kanali aliyetoka vitani, asikilize ushahidi na kutoa ripoti. Alidhani ingekuwa kazi ya wiki chache. Mashahidi zaidi ya 900 walipita mbele yake, na ripoti ilitoka mwaka 1925.

Charles Spofford, profesa wa MIT, aliyapima mabamba na kueleza kwamba yalikuwa membamba mno kwa mzigo uliokuwemo. Jell naye alihojiwa, na hapo ndipo habari ya inchi sita ilipotoka hadharani, pamoja na ile ya michoro aliyoshindwa kuisoma. Hakumtafuta mhandisi hata mmoja wa kumkagulia hesabu. Ogden hakuona chembe ya ushahidi wa bomu. Alihitimisha kwamba tangi lilipasuka kwa sababu halikuwa na nguvu za kutosha, na kampuni ikalipa takriban dola 628,000. Boston ikaanza kudai hesabu za wahandisi ziwasilishwe pamoja na michoro kabla ya kibali cha ujenzi, na majimbo mengine yakafuata.

Hukumu ilikuwa ya haki, ila haikujibu swali moja. Tangi lilikuwa limekwisha kujazwa mara kadhaa tangu 1915. Kwa nini lilikubali siku zile na likakataa siku ile?

Jibu liliongezwa karibu karne moja baadaye. Mwaka 2014 mhandisi Ronald Mayville alirudia hesabu zote na kukuta kwamba unene wa ukuta ulikuwa kama nusu ya uliotakiwa, hata kwa kanuni za zama zile. Akagusia pia chuma chenyewe. Kilikuwa na manganizi kidogo, na chuma cha namna hiyo kikipoa hupoteza ule uwezo wa kunyumbuka kabla ya kukatika. Hukatika ghafla kama kigae. Chini ya nyuzi 15 hivi kilikuwa tayari kwenye hatari, na Januari ya Boston haifiki huko. Ongeza juu yake mlango mdogo wa mafundi uliokatwa kwenye ukuta karibu na sakafu. Tundu lolote katika bamba lililovutwa hukusanya mkazo pembeni mwake, kama mkato mdogo wa mkasi kwenye kitambaa kinavyoamua kitachanikia wapi. Kila tangi lilipojazwa na kupunguzwa, ufa mdogo pale pembeni ulisogea kidogo. Mtu hachoki siku moja, na chuma vivyo hivyo.

Wapo wanaotaja pia molasi mpya ya Miliero, iliyopashwa moto kidogo ili ipite kwenye mabomba, iliyoingia juu ya ile ya zamani iliyopoa. Mchanganyiko huo huenda ulichacha na kutoa gesi. Inawezekana ilichangia. Lakini tangi lenye nusu ya unene wake halihitaji msaada mwingi. Na hapa kuna jambo ambalo husahaulika hadithi hii inaposimuliwa: hata kama Jell angelijaza tangi maji hadi ukingoni, angelipa theluthi mbili tu ya mzigo wake, na kitu, kwa sababu molasi ni nzito kuliko maji. Hata hivyo lingevuja mbele ya macho ya wote, likiwa tupu la molasi, na Commercial ingelowa maji safi tu.

Hadi hapo habari ni ya kimiminika kilichotulia. Kikianza kutembea, mambo hubadilika, na kwa hilo mama zetu waliwatangulia maprofesa. Anayebeba ndoo ya maji kichwani kutoka kisimani huweka juu yake matawi mabichi au bakuli jepesi linaloelea. Ndoo isiyo na majani humwaga, hata mbebaji awe hodari namna gani. Sababu yake inahesabika. Maji katika chombo cha upana wa sentimita 30 hupenda kwenda na kurudi kila baada ya nusu sekunde na kidogo, na hatua ya mtu anayetembea huchukua karibu muda huohuo. Kila hatua hulikuta wimbi linarudi na kulisukuma tena, kama mtoto kwenye bembea. Majani hulikatakata wimbi kabla halijakua.

Aliyeyaweka haya kwenye hesabu ya matangi ni George Housner, profesa wa Caltech huko California, nchi ya matetemeko. Katika maandiko yake ya mwaka 1957 na 1963 alikigawa kimiminika mara mbili. Sehemu ya chini, alisema, tetemeko likija huenda pamoja na tangi kana kwamba imegandamana nalo. Hiyo huupiga ukuta kwa kishindo na haraka. Sehemu ya juu hubaki nyuma, kisha huanza kusukasuka polepole kama mzigo uliofungwa kwa springi. Kadiri tangi lilivyo pana ndivyo msukosuko huo ulivyo wa polepole. Tangi kama lile la Boston lingechukua sekunde tano na nusu kwa mzunguko mmoja. Uzuri wa njia ya Housner ni kwamba mhandisi wa kawaida aliweza kuitumia kwa kalamu na karatasi, na kanuni za ujenzi wa matangi bado zimeegemea hapo.

Mwaka uliofuata ardhi yenyewe ilitoa mtihani, tena mara mbili. Tarehe 27 Machi 1964 tetemeko la kipimo cha 9.2 lilipiga Alaska. Tarehe 16 Juni likafuata la 7.5 huko Niigata, Japani, ambako matangi ya kiwanda cha kusafishia mafuta yaliwaka moto karibu wiki mbili. Alaska iliwapa wahandisi maonesho ya kila aina ya madhara: paa zilizopasuliwa kwa ndani na mafuta yaliyoruka juu, mabomba yaliyong'oka tangi liliponyanyuka upande mmoja, na kuta zilizofura kwenye kisigino. Ufuraji huo wa chini wataalamu wameuita mguu wa tembo, jina ambalo kwa Mwafrika wa Mashariki halihitaji mchoro. Tangi likiyumba, upande mmoja wa ukuta hukandamizwa kwenda chini wakati huohuo kimiminika kikiusukuma nje. Chuma kinachoweza kuhimili moja ya mizigo hiyo kwa raha hushindwa na yote miwili kwa pamoja, na kinachotokea ni mkunjo wa duara kuzunguka tangi, karibu kabisa na ardhi.

Madhara hayo pia yalifichua kasoro katika hesabu ya mwalimu. Housner alikuwa ameuchukulia ukuta kuwa mgumu usiopinda. Mwanafunzi wake Mmisri, Medhat Haroun, alionesha karibu na mwaka 1980 kwamba ukuta mwembamba wa chuma hupumua pamoja na kimiminika, na kupumua huko huongeza kishindo sana. Matangi yalikuwa yakipigwa kwa nguvu kuliko karatasi zilivyosema. Inampendeza mtu kuona kwamba Housner mwenyewe aliweka jina lake kwenye masahihisho hayo.

Tungedhani kufikia hapo habari ya inchi sita ilikuwa imezikwa. Tarehe 2 Januari 1988, huko Floreffe, kando ya mto Monongahela karibu na Pittsburgh, kampuni ya Ashland Oil ilikuwa inalijaza dizeli kwa mara ya kwanza tangi lililohamishwa. Lilikuwa na miaka 40. Lilibomolewa Cleveland, mabamba yake yakasafirishwa, likachomelewa upya. Kipindi kilikuwa cha baridi. Karibu na kiungo kimoja palikuwa na kasoro ya zamani katika chuma, ndogo kama sarafu ya senti kumi ya Kimarekani. Tangi lilipokaribia kujaa, ufa ulianzia hapo ukapanda hadi juu na kushuka hadi chini kwa kufumba na kufumbua, na lita zaidi ya milioni 14 zikatoka kwa mkupuo. Tuta lililojengwa kuzunguka tangi kwa ajili ya ajali kama hiyo lilirukwa na wimbi. Tuta lilikuwa limepimwa kuzuia mafuta yanayovuja, si mafuta yanayokimbia. Karibu lita milioni tatu ziliingia mtoni, na maji ya watu takriban milioni moja yakaharibika.

Na lilijaribiwaje kabla? Kwa maji, ndiyo. Futi tano, katika tangi la futi 48.

Zaidi ya miaka 70 ilitenganisha inchi sita na futi tano, na kinachostaajabisha ni kwamba safari hii maji yangekuwa mtihani mkali kuliko kazi yenyewe, maana dizeli ni nyepesi kuliko maji. Kujaza lote kungetosha kabisa. Mwaka 1991 taasisi ya mafuta ya Marekani ilitoa kanuni mpya, API 653, kwa ajili ya matangi yanayokarabatiwa au kujengwa upya. Humo tangi lililohamishwa hujazwa maji na kuachwa saa 24, watu wakilitazama.

Mji wa Tomakomai, kisiwani Hokkaido, Japani, haukukosea hivyo. Alfajiri ya tarehe 26 Septemba 2003 tetemeko kubwa lilitokea baharini, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini humo. Majengo mengi yalivumilia. Lakini mawimbi ya polepole ya ardhini husafiri mbali bila kufifia haraka, na yalipofika Tomakomai yalikuwa yakiyumba kwa mwendo uleule ambao mafuta ndani ya matangi makubwa hupenda kuyumba, sekunde saba hivi kwa mzunguko. Ndoo na hatua za mbebaji tena, ila ndoo sasa ilikuwa ya mita 40 na zaidi. Matangi hayo yalikuwa na paa zinazoelea, sahani kubwa za chuma zinazopanda na kushuka na mafuta ili mvuke usipate nafasi. Mafuta yalisukasuka, paa zikagonga, tangi moja la mafuta ghafi likawaka papo hapo. Katika tangi jingine, la nafta, paa lilizama na kuacha mafuta wazi. Siku mbili baadaye, ardhi ikiwa imetulia kabisa, nalo likashika moto na kuwaka kwa saa 44. Kuta hazikuvunjika. Japani ilirekebisha kanuni zake, safari hii za paa.

Wimbi la ndani halikubagua wala halikuishia kwenye matangi yaliyosimama. Machi 2007 roketi ya Falcon 1 ilipotea kwa sababu oksijeni ya kimiminika ilisukasuka kwenye hatua ya pili iliyokuwa haina vizuizi vya ndani. Madereva wa malori ya mafuta wa Dar es Salaam hadi Tunduma, au Mombasa hadi Malaba, hawahitaji roketi kulijua hilo. Tangi lililojaa hutulia. Lililojaa nusu ndilo linalolisukuma lori mbele baada ya dereva kukanyaga breki. Ndiyo maana ndani yake hugawanywa kwa kuta zenye matundu, ambazo ni yale majani ya kisimani yaliyofanywa ya chuma.

Pwani yetu nayo haiko mbali na habari hii. Kigamboni kuna matangi yanayolisha bomba la TAZAMA kwenda Ndola tangu mwaka 1968. Chongoleani, Tanga, mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda umepangiwa matangi manne ya mapipa 500,000 kila moja, na kila moja ni karibu mara tisa ya lile la Boston. Bonde la Ufa nalo hutikisika. Bukoba haijasahau Septemba 2016. Matangi ya ukubwa huo yana kanuni, wakaguzi na makaratasi.

Yasiyo na karatasi ni yale ya nyuma ya nyumba. Simtanki la lita 5,000 likijaa ni tani tano, na mara nyingi limepandishwa kwenye mnara wa vyuma uliochomelewa na fundi wa mtaani, chini yake pakiwa na kivuli kizuri ambacho watoto hukipenda kuchezea. Upana wake hauzidi mita mbili, hivyo plastiki inamudu. Ni miguu ya mnara inayobeba yote, na ni kutu ya kwenye viungo inayoamua. Kabla ya kumlipa fundi, muulize lini alilijaza hadi shingoni, likakaa kwa muda gani, na nani alisimama pembeni kulitazama.